Idara ya afya ya halmashauri hapa Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanajirudia kwenye mikutano ya mtaa, kwenye mabenchi ya zahanati na kwenye magrupu ya kata. Mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati moja huku kwetu, sio daktari wala mwajiriwa wa halmashauri, ila nimeyajibu sana kwa mdomo mpaka nimeona bora niyaandike sehemu moja. Sheria na historia ni za Tanzania nzima, mifano ndo ya kwetu huku Ziwa Victoria.

Idara ya afya ya halmashauri ni kitu gani hasa?

Ni ofisi iliyo chini ya mkurugenzi wa halmashauri inayosimamia zahanati, vituo vya afya na hospitali ya halmashauri, pamoja na chanjo, lishe, ustawi wa jamii na mabwana afya. Kwenye karatasi za siku hizi utakuta inaitwa divisheni, mtaani bado ni idara na mimi nitasema idara. Anayeiongoza ni mganga mkuu wa halmashauri, yule tunayemwita DMO, akiwa na timu yake ya mfamasia, muuguzi mkuu, afisa afya, mtu wa chanjo, mhasibu na wengine. Hiyo timu ndo inatakiwa ipite vituoni kukagua na kuelekeza, kwa hiyo ukiona gari la halmashauri limepaki zahanati asubuhi na watu wanafungua madaftari, mara nyingi ni wao.

Naishi Mwanza mjini, idara yangu ni ipi?

Hili linawachanganya wengi kwa sababu mji tunauona mmoja. Kuna halmashauri mbili hapa mjini. Nyamagana ndo Jiji la Mwanza, na Ilemela ni manispaa yake yenyewe, ina mkurugenzi wake, madiwani wake na DMO wake. Mwanza ilipata hadhi ya jiji mwaka 2000 na Ilemela ikatengwa kuwa manispaa 2012. Ukiwa Igogo, Mabatini, Butimba, Igoma au Buhongwa wewe ni wa Jiji, ukiwa Kirumba, Kitangiri, Pasiansi, Buswelu au Igombe wewe ni wa Ilemela. Mkoa mzima una halmashauri 8: hizo mbili pamoja na Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Watu wa Geita waliokuwa wakija Mwanza kwa mambo ya mkoa wana mkoa wao tangu 2012.

Kujua hili mapema kunaokoa muda maana malalamiko mengi hayajibiwi kwa sababu tu yamepelekwa mlango wa jirani, mtu wa Kirumba anaenda kulalamika ofisi za Jiji, anazungushwa siku nzima, anarudi nyumbani anasema serikali haisikii.

Bugando na Sekou Toure ziko chini ya DMO?

Hapana, hata moja.

Sekou Toure ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Zamani hospitali za rufaa za mikoa zilikuwa zinaendeshwa kupitia TAMISEMI, yani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, ila Novemba 2017 zilihamishiwa Wizara ya Afya, kwa hiyo diwani wako hawezi kumwajibisha mganga mfawidhi wa pale hata akitaka. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda, ni ya Kanisa Katoliki kwa ubia na serikali. Ilifunguliwa 1971, mwaka uliofuata serikali ikaitaifisha, na 1985 ikarudishwa kwa maaskofu, na mpaka leo serikali inalipa mishahara ya wafanyakazi wengi pale. Mgonjwa anayetoka Ukerewe mpaka Bugando anakuwa amepita mikononi mwa wakubwa watatu tofauti, yani halmashauri, wizara na kanisa, na barua yake ya rufaa ndo kitu pekee kinachowaunganisha, ndo maana tunasisitiza sana hiyo karatasi isipotee njiani.

Sasa bosi wa DMO ni nani?

Ana mabosi wawili na hapa ndo pana utata mkubwa. Kiutawala, kwa maana ya mshahara, likizo, magari na fedha, yuko chini ya mkurugenzi wa halmashauri, na mkurugenzi yuko chini ya TAMISEMI ambayo tangu 2015 iko Ofisi ya Rais. Kitaalamu anasimamiwa na mganga mkuu wa mkoa ambaye anakaa kwa katibu tawala wa mkoa. Wizara ya Afya yenyewe inatunga sera na miongozo, mfano mgonjwa wa malaria apewe dawa gani, chanjo zipi zitolewe. Alafu pembeni kuna baraza la madiwani ambalo ndo linapitisha bajeti na mpango wa halmashauri nzima.

Kwa maoni yangu huu mpangilio una faida, maana tatizo la tiba linapelekwa kwa wataalamu na la fedha linapelekwa kwa wanaochaguliwa na wananchi. Hasara yake ni kwamba jambo likiharibika kila mmoja ana wa kumsukumia. Zahanati ikikosa mkunga, halmashauri inasema ajira ni za serikali kuu, serikali kuu inasema tulileta watumishi mkawapanga mjini, na mama anajifungulia njiani wakati hayo yakiendelea.

Huu mfumo wa halmashauri kusimamia afya ulianza lini? Ni wa juzi?

Sio wa juzi. Niruhusuni hapa niende taratibu.

Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, na afya waliyoijali ilikuwa kwanza ya askari na watumishi wao. Kilichowatisha baadae ni malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, ambayo ilikuwa imeua watu wengi sana upande wa Uganda pembezoni mwa ziwa hilihili. Mwaka 1906 daktari Robert Koch, yule aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu, alifika Mwanza na timu yake kabla ya kuvuka kwenda visiwa vya Sese kuendelea na uchunguzi wake wa malale. Kwa hiyo ziwa letu limekuwa likichunguzwa na wanasayansi wa nje kabla hata ya reli kufika hapa, maana reli ilifika 1928.

Waingereza walipochukua nchi walitumia serikali za watemi. Kuanzia miaka ya 1920 mamlaka za wenyeji zilikuwa na hazina zake za kodi, na kwenye hiyo hazina zikalipa wahudumu waliofundishwa kufunga vidonda na kutoa dawa za kawaida kwenye zahanati ndogondogo vijijini. Huduma ilikuwa duni, mafunzo mafupi, na mwananchi hakuwa na sauti, ila wazo la kwamba zahanati ya kijijini inalipwa na kusimamiwa na serikali ya hapohapo lilianzia huko. Baada ya uhuru utemi ulifutwa 1963 na kazi zikaingia kwenye halmashauri za wilaya.

Azimio la Arusha la 1967 likageuza macho kuelekea vijijini. Miaka ya 70 ndo zahanati nyingi na vituo vya afya vilijengwa, na 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya ambayo wazee wetu wanaikumbuka vizuri: redio moja, watu wamekaa chini ya mti kwenye vikundi, wakisikiliza kipindi kisha wanajadiliana na kuondoka na kazi ya kufanya, kuchimba choo, kufyeka nyasi karibu na nyumba, kuchemsha maji. Walioshiriki nchi nzima wanakadiriwa kufika milioni 2. Mpaka leo ukimuuliza mzee wa Magu au Kwimba kuhusu choo anaweza kukutajia hiyo kampeni.

Ni kweli kuna kipindi halmashauri zilifutwa kabisa?

Kweli kabisa, na mimi naona hiki ndo kipande cha historia ambacho kila diwani angetakiwa akijue kwa kichwa.

Mwaka 1972 serikali ilifuta halmashauri za wilaya, za miji zikafuata muda mfupi baadae, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Nia ilitajwa kuwa ni kupeleka maamuzi karibu na wananchi, ila kwa vitendo madaraka yalienda kwa maofisa wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani, na yale mabaraza ya watu waliochaguliwa yakaondoka. Miji ikabaki haina mwenyewe, taka hazizolewi, mitaro imeziba, maji taka yanatiririka, anayetakiwa kuulizwa hayupo maana hakuna diwani wala meya. Kipindupindu kiliingia nchini 1974, na 1977 kikalipuka kwa nguvu. Hali ya miji ikawa mbaya kiasi kwamba 1978 ikatungwa sheria ya mpito ya kurudisha halmashauri za miji. Kisha 1982 zikatungwa sheria mbili ambazo ndo msingi mpaka leo, sheria namba 7 ya halmashauri za wilaya na namba 8 ya halmashauri za miji, na mabaraza yakaanza kazi tena 1984.

Kwa hiyo mtu akikwambia madiwani hawana kazi kwenye afya mkumbushe hiyo miaka, kwamba nchi hii imeshajaribu kuendesha usafi wa miji bila wao na matokeo yake yalionekana.

Na kulipia matibabu kulianza lini? Si ilikuwa bure?

Ilikuwa bure kwenye vituo vya serikali. Mwaka 1977 hata hospitali binafsi za biashara zilipigwa marufuku, zikaruhusiwa tena 1991 baada ya uchumi kuyumba na zahanati kubaki na majengo bila dawa. Uchangiaji ukaanza 1993. Mwaka 1994 serikali ikaanza mageuzi ya sekta ya afya, na humo ndo zimezaliwa bodi za afya za halmashauri, kamati za vituo, mfuko wa afya ya jamii yaani CHF, na mfuko wa pamoja wa wafadhili ulioanza 1999. Kama ulikuwa mdogo miaka ile na unakumbuka wazazi wakibishana kuhusu kadi ya CHF, ndo hiyo. Ilianza kwa majaribio kule Igunga, sheria yake ikapita 2001.

Bodi ya afya na kamati ya kituo, tofauti yake nini?

Bodi ni ya halmashauri nzima, moja tu. Ina wawakilishi wa wananchi, ina watoa huduma binafsi na wa mashirika ya dini, na DMO ndo katibu wake. Inapitia mpango kabambe wa afya wa mwaka na kufuatilia fedha kabla mambo hayajaenda baraza la madiwani. Kamati ni ya kituo, kila zahanati na kila kituo cha afya kinatakiwa kiwe na ya kwake, wajumbe wengi wanatoka kwenye mitaa au vijiji vinavyohudumiwa, na mganga mfawidhi ndo katibu.

Watu wengi wanasikia bodi wanaona ndo kubwa ila mimi nasema kamati ya kituo ndo yenye meno kwa mwananchi wa kawaida, kwa sababu tatu-nne ambazo zitaonekana hapo chini kwenye fedha na dawa.

Kamati inafanya nini siku kwa siku?

Nitoe mfano wa kupokea dawa, maana watu huwa hawaamini mpaka waone. Gari la Bohari ya Dawa, MSD, likifika zahanati, mganga mfawidhi hatakiwi kufungua maboksi peke yake. Anapiga simu kwa wajumbe wa kamati, hata kama ni saa ya kupika au mtu yuko shambani anakuja. Maboksi yanapangwa kwenye benchi la wagonjwa, mmoja anashika ile hati ya kupokelea, mwingine anasoma kilichoandikwa kwenye boksi: dawa mseto ya malaria, amoksilini ya maji ya watoto, chumvichumvi za kuharisha, glovu, vipimo vya malaria. Unaangalia idadi, unaangalia tarehe ya kuisha muda kwa sababu dawa inayobakiza miezi miwili itaishia kwenye shimo la kuchomea, unaangalia kama boksi limefunguliwa njiani. Kikipungua kitu kinaandikwa hapohapo kabla dereva hajaondoka, kisha wote mnasaini. Kazi hiyo inachukua muda mrefu na haina posho ya maana, lakini ukishaifanya mara kadhaa unajua zahanati yenu ina nini na haina nini, na mtu akisema dawa zimeuzwa unaweza kujibu kwa karatasi.

Kazi nyingine ni kupitisha mpango na bajeti ya kituo, kuidhinisha matumizi, kusikiliza malalamiko ya wagonjwa na kupeleka taarifa kwenye mkutano wa mtaa au kijiji. Hii ya mwisho ndo inasahauliwaga zaidi.

Naweza kuingia kwenye kamati?

Ndiyo, kama unaishi eneo linalohudumiwa na kituo. Nafasi zikiwa wazi zinatangazwa kupitia ofisi ya mtendaji, fuatilia ubao wa matangazo na muulize mwenyekiti wa mtaa muda wa kamati iliyopo unaisha lini. Wanawake wanatakiwa wawemo na sio kwa kujazia nafasi, maana wanaotumia zahanati kila wiki ni akina mama. Uwe unajua kusoma na kuandika. Ukiwa unatafuta mshahara usiombe.

Pesa za zahanati zinatoka wapi?

Sehemu nyingi, na kila moja ina masharti yake. Mishahara na sehemu kubwa ya dawa ni serikali kuu. Mfuko wa pamoja wa afya ni wa wafadhili pamoja na serikali. Mapato ya ndani ya halmashauri, yani ushuru wa soko, leseni, ushuru wa samaki pale mwaloni wanaposhushia wavuvi, nayo yanatakiwa yachangie. Kisha kuna hela za papo kwa papo wanazolipa wagonjwa na marejesho ya bima.

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuja mwaka wa fedha 2017/18. Kabla ya hapo fedha za mfuko wa pamoja zilikuwa zinakaa kwenye akaunti ya halmashauri na zahanati inasubiri kupewa vitu, mfano inataka kurekebisha paa linalovuja inaandika barua, barua inakaa. Tangu hapo fedha zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo chenyewe, kituo kinapanga na kutumia kwa mpango uliopitishwa na kamati. Zahanati ya kijijini ikawa na akaunti benki na vitabu vyake. Ndo maana nasema kamati ina meno: hela iko hapo, mpango uko hapo, na ninyi mnaijua zahanati yenu.

Ila uwezo wa kusimamia hauji wenyewe. Zahanati nyingi hazina mhasibu, nesi huyohuyo anayezalisha usiku ndo anayejaza mfumo wa malipo mchana, na mimi naona hili ni jambo la kusemea kwa nguvu kwenye mabaraza kuliko kumlaumu nesi.

Mpaka hapo sijagusa fedha za miradi. Mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, vituo vingi vilivyokuwa na watumishi wa miradi ya VVU vilitikisika. Halmashauri inayotegemea mradi kwa huduma ya kila siku inakuwa imeshika kitu cha mtu.

Kwanini naandikiwa dawa nikanunue nje?

Majibu ni mawili matatu. Huenda MSD haikuwa nayo ikaleta pungufu, ingawa wana bohari ya kanda hapahapa Mwanza. Huenda kituo kiliagiza kidogo kwa sababu takwimu za wagonjwa wanazoandika ni hafifu, maana dawa zinaombwa kwa kufuata matumizi yaliyoandikwa, na mgonjwa asiyeandikwa kwenye daftari hahesabiki. Huenda kituo kina deni. Na inawezekana kuna wizi, siwezi kusema haupo. Uliza kwa utulivu: hii dawa iliisha lini, mliagiza lini, ilikuja ngapi. Hayo majibu yapo kwenye leja na mjumbe yeyote wa kamati anaweza kuyaona.

Nani hatakiwi kulipa?

Wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na wagonjwa wa magonjwa kama kifua kikuu, VVU na ukoma kwa huduma za magonjwa hayo. Wasio na uwezo wanapitia kwa mtendaji na afisa ustawi wa jamii. CHF iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka. Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, kwa hiyo kabla hujalipa popote uliza kituoni kwenu utaratibu wa sasa.

Bwana afya ana mamlaka gani hasa? Anaweza kunifungia mgahawa?

Anayo. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa nguvu ya kuingia na kukagua sehemu za biashara na makazi, kutoa notisi ya kurekebisha, na kukupeleka mahakamani ukikaidi. Juu ya hapo kuna sheria ndogo za halmashauri zenyewe ambazo madiwani wanazitunga na waziri wa TAMISEMI anaziidhinisha. Kupima afya kwa wanaoshika chakula ni kwake. Usajili na ubora wa vyakula vya viwandani ulihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019, kwa hiyo ukiona pakiti yenye mashaka dukani sio yeye peke yake.

Haki yako ni kupewa notisi ya maandishi inayosema kosa ni lipi na siku ngapi za kurekebisha, na ukilipa faini ulipe kwa namba ya malipo ya serikali upewe risiti. Akitaka mkononi, kataa na uandike jina na siku.

Vyoo vya milimani na taka zinazoshuka ziwani, hiyo ni idara ya afya?

Hapa wanakutana wengi. Uzoaji wa taka uko kwenye kitengo cha taka ngumu na usafi wa mazingira cha halmashauri. Maji safi na mabomba ya maji taka ni MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Afya inaingia pale hali inapohatarisha watu.

Mwenye kujua Mabatini, Igogo au Bugarika anajua tatizo: nyumba ziko juu ya majabali, huwezi kuchimba shimo la choo la maana, gari la kunyonya halipandi, na mvua kubwa ikinyesha kuna wanaofungulia choo kishuke na maji mpaka mto Mirongo na kisha ziwani, ziwa lilelile tunalochota. Notisi za bwana afya peke yake hazitoshi kwa mtu ambaye chini yake ni jiwe. Kilichosaidia ni yale mabomba membamba ya maji taka yanayopitishwa juu ya mawe na katikati ya nyumba mpaka kwenye bomba kubwa, na mimi nasema kila kata ya mlimani iendelee kuyadai kwenye mpango wa mwaka mpaka kaya ya mwisho iunganishwe.

Kipindupindu kikitokea mtaani kwetu, nani anaamua nini?

Mgonjwa wa kuharisha maji yasiyokoma anapelekwa kituoni saa hiyohiyo, kituo kinatoa taarifa kwa DMO siku hiyohiyo, DMO kwa mkoa, mkoa kwa wizara, na sampuli inaenda maabara. Kutangaza mlipuko ni kazi ya wizara. Kambi ya matibabu, dawa za kutibu maji, kuzuia vyakula vya wazi, kufunga mwalo usio na choo, hayo yanafanyika chini ya halmashauri na mkuu wa wilaya. Ukiona dalili piga 199 bure, ni ya wizara.

Mfano wa karibu wa mnyororo huu kufanya kazi ni mlipuko wa virusi vya Marburg Kagera 2023. Ugonjwa ambao ulikuwa haujawahi kuonekana nchini ulitangazwa Machi 21 na ukatangazwa kuisha Juni 2, wagonjwa 9, waliofariki 6. Kila kifo ni msiba wa familia, lakini haukuvuka kuja huku kwetu ingawa meli na mabasi ya Bukoba yanashusha watu Mwanza. Watu waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa nyumba kwa nyumba na wahudumu wa afya wa jamii wakishirikiana na viongozi wa vijiji.

Wahudumu wa afya wa jamii ni waajiriwa?

Kwa miaka mingi walijitolea. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha na kuwalipa posho, lengo likiwa zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka 5. Wanachaguliwa kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, kwa hiyo hudhuria siku hiyo ili achaguliwe mtu anayefika kwenye nyumba za watu.

Huu utafiti wote unaofanyika Mwanza unatusaidia nini?

Swali zuri na linaulizwa kwa hasira kidogo, maana watu wamechoka kutolewa damu. Mwanza ina kituo cha utafiti tangu 1949 kilipoanza uchunguzi wa kitabibu wa Afrika Mashariki, leo ni NIMR Mwanza, tawi la taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu.

Utafiti mmoja naomba kila mtu wa ziwani aujue. Kati ya 1991 na 1994 zilichukuliwa jamii 12 za mkoa wa Mwanza wa wakati ule, zikiwemo za mialoni na visiwani, na kwenye 6 kati ya hizo zahanati na vituo vya afya vya kawaida kabisa vya serikali viliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa. Waganga walifundishwa, dawa zikahakikishwa hazikatiki, wasimamizi wakawa wanapita mara kwa mara. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40 ukilinganisha na zile 6 ambazo hazikuboreshewa. Matokeo yalichapishwa 1995 na dunia nzima ikayasoma. Hakukuwa na mashine ya ajabu pale. Ilikuwa zahanati yenye dawa, mganga aliyefundishwa na msimamizi anayefika, vitu ambavyo idara yoyote ya afya inaweza kuviweka kwenye mpango wake wa mwaka. Mimi nikiona zahanati ya mwaloni haina dawa nauona huo utafiti umesahauliwa na wenyewe.

Kichocho je? Mbona watoto wanapewa dawa na bado wanaumwa?

Dawa, prazikwanteli, inaua minyoo iliyomo mwilini. Haimzuii mtoto kuambukizwa tena kesho yake akiingia ziwani. Umeshaona shuleni, mtoto anasimamishwa kwenye fito yenye alama, urefu wake ndo unasema ameze vidonge vingapi, na lazima awe amekula kwanza ndo maana wazazi mnaombwa uji. Konokono wanaoeneza wako kwenye maji ya pembeni yenye majani, hapohapo tunapofulia na kuogea. Bila choo mwaloni na bila bomba kijijini tutaendelea kumeza kila mwaka. Na watu wazima wavuvi na akina mama wa dagaa wanakosa dawa kwa sababu hawapo shuleni, hili kamati za visiwani zilisemee.

Visiwani rufaa inakuwaje?

Ngumu. Ukara mpaka Nansio ni maji, Nansio mpaka Mwanza ni maji tena, na usiku ziwa likichafuka hakuna anayetoka. Kamati za huko zipange fedha ya mafuta ya boti na namba za wenye boti mapema, ziandikwe ukutani wodi ya wazazi.

Nina malalamiko, nianzie wapi?

Mganga mfawidhi kwanza, siku hiyohiyo ikiwezekana. Asipokujibu, mwenyekiti wa kamati ya kituo, alafu mtendaji wa kata na diwani, alafu DMO kwa barua na nakala kwa mkurugenzi. Kama ni rushwa nenda TAKUKURU moja kwa moja. Andika tarehe, saa, na huduma uliyonyimwa, maana "zahanati ni mbaya" haina pa kuanzia.

Naweza kwenda baraza la madiwani na kuomba kuona mpango na bajeti?

Vikao vya baraza ni vya wazi, unakaa nyuma unasikiliza, hupewi nafasi ya kuchangia ila diwani wako anakuona. Taarifa ya afya ya robo mwaka inasomwaga humo. Kumbuka mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na vituo vinaandaa mipango yao miezi mingi kabla, kwa hiyo hoja ya kununua kitanda cha kujifungulia ipeleke kwa kamati ya kituo kabla ya mwisho wa mwaka wa kalenda, ukiileta Mei imechelewa.

Nyaraka unaweza kuziomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Peleka barua masijala, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na wana siku 30 za kukujibu. Zikipita kimya, rudi na ile nakala yenye muhuri kwa mkurugenzi na umpe diwani wako kopi moja.